Pini ya Nne

Jina la Taratibu alipewa na wenzake kazini, na alilistahili mara mbili. Kwanza, goti lake la kulia lilikuwa limestaafu kabla yake. Pili, hakuwahi kuuliza swali la pili kabla hajamaliza kuandika jibu la kwanza, na aliandika kama mtu anayechonga mlango. Kwa hiyo sajenti alipomfuata kantini ya uwanja wa ndege saa saba na nusu mchana na kumwambia kuna watuhumiwa wawili wanaowahi ndege ya saa tisa, Inspekta Taratibu alijua kwamba leo goti na kalamu vitamtia aibu kwa pamoja.

Njiani sajenti alimpa habari yote. Ile ndege iliyopata hitilafu juu ya milima asubuhi, ile iliyotua saa tano kasoro, ilikuwa na bibi mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe. Alipanda na pete kidoleni, ya dhahabu yenye jiwe jekundu, aliyovishwa na marehemu mumewe. Ameshushwa kwa machela, hajitambui, kidole kitupu. Mwanawe, mkandarasi wa majengo, amefungua malalamiko. Na abiria watatu wamesema jambo lile lile: mara ya mwisho kuuona mkono wa bibi, ulikuwa umeshikwa na mama mmoja aliyekaa ng'ambo ya njia ya katikati, na mume wa huyo mama alikuwa nyuma yake.

"Bibi mwenyewe anasemaje?"

"Yuko zahanati hapo chini, kachomwa sindano ya usingizi. Daktari kasema asiamshwe mpaka jioni."

"Na hao wawili?"

"Mume fundi cherehani, mke nesi mstaafu. Nimepekua mabegi, viatu, mpaka soksi. Sijaona kitu. Ni wazee wetu tu, afande, hata kuwapekua nimeona haya."

Chumba cha polisi kilikuwa na meza moja, viti vinne, benchi refu la mbao na saa ya ukutani. Saa hiyo ilitangulia kwa dakika sita. Taratibu ndiye aliyeitanguliza, miaka miwili iliyopita, kwa sababu za mtu anayependa kufika nyumbani mapema, na hakuwa amemwambia mtu.

Mama alikaa wima kwenye kiti, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Mumewe alikaa pembeni yake, mtu mwembamba mwenye koti lililomkaa vizuri kuliko koti lolote Taratibu aliwahi kuliona mwilini mwa mtu. Mkandarasi alikuwa karibu na mlango, macho mekundu, na kati ya miguu yake alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki alioufunga mafundo mawili. Kila baada ya muda aliusukuma kwa kisigino chini ya kiti. Sajenti alikwenda moja kwa moja kufungua dirisha.

"Samahani," mkandarasi alisema. "Ni nguo za mama. Alitapika sana, wamemvua zahanati wakanikabidhi."

Taratibu akasema hakuna neno, kila mtu ametapika maishani, akakaa mbali na mfuko na kufungua daftari.

Fundi ndiye aliyeanza kuongea, akiitazama saa badala ya inspekta. Binti yao wa pekee yuko huko ng'ambo, kesho saa mbili asubuhi anapasuliwa moyo. Amemwambia mama yake sitaki maua, sitaki zawadi, nataka nikifumbua macho nikuone wewe. Ndege ya kuwafikisha ni ya leo saa tisa, inayofuata ni baada ya siku nne. Mlango wa kupandia unafungwa saa nane na dakika arobaini. Pasipoti zao zimo kwenye droo ya sajenti.

Taratibu aliandika yote hayo. Alipomaliza, saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika saba.

Akamgeukia mama, akamwomba aeleze safari ilivyokuwa. Mama akaeleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukabidhi zamu. Walikuwa juu ya milima, theluji inaonekana chini kama shuka zilizoanikwa, chai imeshagawiwa. Kukawa na mlio. Masikio yakaziba, barakoa za hewa zikadondoka kutoka juu. Ndege ikaruka kama kitanda kilichovunjika mguu. Begi likatoka kwenye kabati la juu likampiga bibi wa watu mkononi.

"Nikasimama," alisema. "Baada ya hapo nakumbuka magurudumu yanagusa chini."

"Na katikati?"

"Katikati hamna kitu, baba."

"Pete uliiona?"

"Naambiwa niliiona."

Mkandarasi alicheka bila furaha. "Hata mimi nikiulizwa swali gumu huwa nasahau."

Mama hakumjibu. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaurudisha juu ya mkoba.

Fundi alipoulizwa alikuwa wapi wakati huo, alisema alikuwa amemshika mkewe gauni kwa nyuma asianguke, barakoa usoni, na macho ameyafumba. Alikuwa analia. Hawezi kudanganya, alilia kwa sauti, waulizeni safu zote mpaka ya mkiani. Kwa hiyo alichoshika anakijua, alichokiona hakuna.

Sajenti, aliyekuwa akilipapasa lile koti zuri mara ya pili, alisimamisha vidole. Ndani ya bitana, chini ya kwapa, kulikuwa na kitu kigumu. Kidogo, kimeshonewa humo.

Mkandarasi alisimama. Sajenti akatoa wembe. Fundi akaomba, kama ni lazima, afumue mwenyewe, maana hawezi kukaa akaangalia wembe unapita kwenye kazi yake. Akafumua nyuzi kwa ukucha, moja moja, wote wamemwinamia. Kikatoka ufunguo.

"Wa nyumba," alisema. "Kila safari naushonea humo. Mfukoni unapotea."

Mkandarasi akakaa, akaupiga mfuko wake teke.

Taratibu akamruhusu fundi aushonee tena, kwa kuwa mtu hawezi kuachwa na bitana inaning'inia mbele ya serikali. Hapo ndipo alipoona jambo la kwanza la maana siku hiyo. Fundi alitaka pini ya kushikiza bitana. Hakutafuta. Alinyoosha mkono bila kutazama hadi kwenye ukosi wa gauni la mkewe, akaugeuza upande wa ndani, akachomoa pini, zile kubwa za kubania nepi, akashikiza, akashona haraka kwa sindano na uzi wa buluu wa mfukoni mwake, kisha akairudisha pale pale. Mkewe hata hakugeuza shingo.

Taratibu aliinuka kwa goti lake, akaomba radhi, akauangalia ule ukosi. Pini tatu, zimepangwa sambamba kama askari. Kando ya ile ya tatu, matundu mawili madogo kwenye kitambaa, na nafasi ya pini moja.

"Huwa ngapi?"

"Nne. Namwekea mimi kila asubuhi, mwaka wa thelathini na nane huu." Fundi alizihesabu kwa macho. Uso wake ukabadilika kidogo, kama wa mtu aliyekata kitambaa kabla ya kupima. "Itakuwa imedondoka."

Taratibu akaandika: *pini 3*. Akapiga mstari chini.

Saa nane kamili, kwa saa ya ukutani, aliingia mhudumu wa ndege, mwanamke wa makamo aliyevua viatu vya kisigino akavishika mkononi. Alileta taarifa ya safari na mfuko wa karatasi wenye vitu vilivyookotwa kwenye safu ile. Alizungumza akiwa amesimama. Alisema kwa kawaida hewa ikipungua ndani, rubani anashuka chini haraka, watu wanavua barakoa, mambo yanakwisha. Leo hakuwa na pa kushukia, maana chini kulikuwa na milima. Ilibidi aifuate njia ya mabonde mpaka milima iishe, na ilichukua dakika kumi na tisa.

"Mpira wa barakoa ya huyu mama haukufika kwa bibi," alisema. "Alikuwa anavuta pumzi mbili kitini kwake, anaivua, anakwenda kwa bibi, anarudi anavuta tena. Chupa ya hewa ya kubeba ilikuwa moja upande ule. Nilimpelekea yeye, akamwekea bibi, maana barakoa ya bibi ilikatwa na lile begi. Nikamwambia kaa chini mama. Akaniambia nenda kwa wanaolia."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Mara ya mwisho nilipopita," mhudumu akaongeza, "midomo yake ilikuwa ya buluu. Alikuwa ananitabasamia lakini hanijui."

Aliondoka na viatu vyake mkononi. Taratibu akakung'uta mfuko wa karatasi mezani. Kitambaa cha mkono. Kifungo. Kijiko cha plastiki. Na uzi wa buluu, mrefu kama mkono wa mtu, uliojikunja viduara viduara, vyote vya ukubwa mmoja, kama springi ya kalamu. Sajenti akasema ni takataka za fundi. Taratibu akaunyoosha uzi, akauachia. Ukajikunja tena.

Akanyanyua simu ya mezani akampigia daktari wa zahanati, akamwomba akakiangalie kidole cha bibi bila kumwamsha. Wakasubiri. Jibu lilipokuja, alisikiliza, akashukuru, akaandika. Alikuwa bado anaandika fundi aliposimama.

"Ni mimi," alisema. "Pete nimeichukua mimi. Mwacheni mke wangu apande ndege."

Mama alimtazama kama anayemtazama mgonjwa aliyeshuka kitandani bila ruhusa. Mkandarasi akauliza iko wapi. Fundi akasema ameitupa chooni, humo ndani ya ndege, alipoona mambo yamekuwa makubwa. Mkandarasi akaufunika uso kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza alionekana mtoto wa mtu.

Taratibu akamchukua fundi hadi koridoni, akafunga mlango.

"Uliivuaje?"

"Niliivuta."

"Kidole kilikuwaje?"

"Kimevimba."

"Kimevimba, na wewe ukavuta tu."

"Nilipaka mate."

"Daktari anasema hakuna hata mchubuko. Kuna alama ndogo ndogo za duara, kuanzia ukucha hadi kwenye kiungo, kama mtu kazungushiwa uzi." Taratibu akajiegemeza ukutani, goti linauma. "Na muda wote huo wewe ulikuwa unalia umefumba macho, umesema mwenyewe tuulize hadi safu ya mkiani. Fundi, nimekaa na waongo miaka ishirini na sita. Wewe ni wa mwisho darasani."

Fundi akasema, polepole, huku akisawazisha mkunjo wa koti ambao haukuwepo, kwamba mwezi uliopita mkewe aliacha pasi inawaka juu ya suruali ya mteja. Wiki iliyofuata alimuuliza mara mbili kama binti yao amepiga simu, na walikuwa wametoka kuongea naye wote wawili. Yeye hajamwambia mtu. Mkewe anaijua kazi yake na anaijua akili yake, ndivyo alivyoishi.

"Ikisemwa hapa kwamba aliishika pete na hajui kaiweka wapi, ataacha kujiamini. Na kesho binti anamhitaji mzima. Mkimpekua kichwa badala ya begi, afande, mtanirudishia mke gani?"

Taratibu alifikiri. Kisha akasema, "Twende ndani. Pete yangu mimi haijatoka tangu kitinda mimba wangu azaliwe."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini na mbili.

Alivua kofia, akajilaza kwenye benchi chali, tumbo likawa kilima. Sajenti akakohoa. Taratibu akamwomba mama asogee, akampa ule uzi wa buluu na mkono wake wa kushoto.

"Mama, mimi mgonjwa. Kidole kimevimba, pete imebana. Fanya kama kazini."

"Huku kuvimba ni kwa kula," mama alisema.

"Fanya tu, mama."

Akavuta kiti. Akaushika mkono, akaufinya ukucha, akautazama rangi. Kisha akaupitisha uzi chini ya pete kwa ncha ya kucha na kuanza kuuzungushia kidole, duara juu ya duara, yamebanana, hadi kwenye ukucha. Hakuwa akiongea na yeyote humo chumbani. Alikuwa akimuuliza inspekta kama amekojoa leo, kama anapata usingizi, kama hizi kilo anazibebea nani, na hakungoja majibu. Akaanza kuufumua uzi kwa upande wa chini, na kila duara lilipofumuka, pete ikapanda hatua moja. Ikafika kwenye kiungo. Ikapita. Ikatoka.

Hapo Taratibu hakutoa agizo lingine. Hata mkandarasi aliacha kuusukuma mfuko.

Mkono wa kulia wa mama ulipanda hadi kwenye ukosi wake, ukachomoa pini. Mkono wa kushoto ukakamata pindo la koti la inspekta, upande wa kushoto, ukaligeuza ndani nje. Pini ikapita kwenye kitambaa, ikapita kwenye pete, ikarudi kwenye kitambaa, ikafungwa. Akalirudisha pindo mahali pake, akalipigapiga mara mbili kwa kiganja.

"Haya, baba. Vitu vyako viko na wewe."

"Mama," Taratibu alisema akiwa bado amelala, "pete yangu iko wapi?"

Mama alitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Alitazama pindo la koti.

Kisha akaeleza, na sauti yake ilikuwa inajisikiliza yenyewe. Wodini kwake makabati yalikuwa yanaibiwa. Mgonjwa anahamishwa, vitu vyake vinabaki, siku ya kuondoka ni kilio. Akaanzisha utaratibu wake, na manesi wote wadogo aliwafundisha: pete, cheni, hereni, vyote kwenye pindo la nguo ya ndani, upande wa kushoto, kwa pini. Ukimhamisha mgonjwa, mali yake inahama naye. Ndiyo maana ana pini kwenye ukosi. Mumewe anamwekea.

"Nguo ya ndani," alirudia sajenti.

Taratibu hakuinuka, goti halikumruhusu. Alinyoosha kidole tu, kile kisicho na pete, kuelekea chini ya kiti cha mlalamikaji. Kwa utaratibu wa polisi, hupekuliwa mabegi ya watuhumiwa. Mlalamikaji hapekuliwi.

"Bwana mkandarasi, tufungulie hizo nguo."

Mafundo mawili yalimshinda mkandarasi, na fundi ndiye aliyeyafungua. Hakuna aliyeijali harufu. Sajenti akavaa glovu, akatoa gauni, akatoa shimizi jeupe, akalifuata pindo lake upande wa kushoto. Pini kubwa ya kubania nepi, imefungwa vizuri. Jiwe jekundu.

Mkandarasi aliishika pete kwenye kiganja. Alisema kitu ambacho hakikusikika, akajaribu tena.

"Nimeipiga mateke tangu asubuhi."

Mama akamwambia asimvishe leo wala kesho, angoje uvimbe uishe, siku saba, na akiamka apewe maji kidogo kidogo. Kisha akamwambia kwamba mama yake ni mtu mvumilivu, hakupiga kelele hata mara moja. Alipolisema hilo alisita. "Nimelikumbuka hilo," alisema. "Hakupiga kelele."

Sajenti alikuwa ameshatoa pasipoti kwenye droo. Fundi akachukua mabegi, akageuka kuitazama saa ya ukutani, na miguu yake ikasimama. Saa nane na dakika arobaini na mbili. Mama naye akaiona. Akakaa tena kwenye kiti, taratibu, akaweka mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba, kama walivyomkuta.

"Hiyo saa mwongo," Taratibu alisema kutoka kwenye benchi. "Inatangulia dakika sita. Msiniulize kwa nini. Sajenti, piga simu mlangoni, waambie abiria wawili wa polisi wako njiani."

Mkandarasi alitoka mbio hadi zahanati na kurudi na kiti cha magurudumu. Mama akasema yeye si mgonjwa. Mkandarasi akasema anajua, ila kiti kinakimbia kuliko yeye, na tafadhali, mama yangu, kaa. Akamkalisha, akamsukuma koridoni kama anayewahi kumwaga zege, begi lao kubwa begani mwake, sajenti mbele akipiga filimbi.

Fundi alibaki nyuma sekunde moja mlangoni.

"Dakika kumi na tisa," Taratibu alimwambia. "Nimeiandika kwenye taarifa, kwa maneno na kwa tarakimu. Bila hewa juu kule, hata rubani angesahau jina la mama yake. Umwambie hivyo mkiwa hewani."

"Na pasi?"

"Pasi mimi nimeacha inawaka mara mbili. Mkifika kwa binti, hospitali zipo, mwonyeshe. Lakini mikono yake umeiona."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akakimbia, na koti halikukunjamana hata alipokuwa anakata kona.

Saa tisa na dakika nne, kwa saa ya kweli, ndege ilipita juu ya paa na vioo vikatetemeka. Sajenti alikuwa amesharudi, anahema, amesema waliingia wa mwisho na mlango ukafungwa nyuma ya kisigino cha fundi. Taratibu alikuwa mezani anamalizia taarifa. Alikuwa na tabia, akitafuta neno, ya kuizungusha pete kidoleni. Akaizungusha. Hakukuwa na kitu cha kuzungusha.

Alitazama chini ya meza. Alitazama chini ya benchi, jambo lililompotezea dakika mbili na heshima kidogo. Sajenti akamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu. Alimfikiria mke wake na maswali yake, ambayo hayakuwahi kungoja jibu la kwanza liandikwe.

Halafu alishusha mkono hadi kwenye pindo la koti, upande wa kushoto, akapapasa. Akalipigapiga mara mbili.

Akaiacha hapo hapo. Kwenye taarifa kulibaki nafasi moja, ile ya chini kabisa, ya vitu vilivyopotea. Akaandika polepole, kama kawaida yake: *Hakuna*.